MISRI NA DENI LA SINDANO

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa nchi ya kwanza ulimwenguni kufikia daraja la dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa wa ini uitwao homa ya ini ya aina ya C. Habari hiyo ilipita upesi, ikafunikwa na habari za vita na za mpira. Sisi twaona haikustahili kupita hivyo. Nchi hiyo ya Kiafrika ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi wa ugonjwa huo, kwa kadiri ya watu wake, kuliko nchi nyingine yo yote duniani. Tena sehemu kubwa ya maradhi hayo haikuletwa na umaskini wala na uchafu wa watu wake, bali ililetwa na Serikali yenyewe, kwa nia njema, kwa mkono wa mganga, kwa sindano ya dawa.

Twapenda leo kuieleza habari hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Wasomaji wetu wengi ni wafanyakazi: wapo wanaoshika sindano hizo katika hospitali na zahanati, na wapo wengi zaidi wanaochomwa nazo. Wote wana haki ya kuujua ugonjwa huu, jinsi unavyoingia mwilini, na jinsi unavyotibiwa siku hizi; maana hofu yake imekuwa kubwa kuliko maarifa yake.

KICHOCHO NA DAWA YAKE

Misri ni mto Naili, na mtu wa Misri ni mkulima wa mfereji. Majini humo hukaa konokono, na katika konokono hutoka vijidudu vya kichocho, ambavyo humpenya mtu ngozi anaposimama majini kumwagilia shamba, kuoga au kufua. Ni ugonjwa wa kale mno; mwaka 1910 ilitangazwa kwamba mayai ya mnyoo wake yameonekana katika maiti zilizokaushwa za Misri ya Mafarao. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na wa Unguja na Pemba, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mtoto anayekojoa damu twamjua.

Mwaka 1918 daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa Khartoum, J. B. Christopherson, alitoa habari ya kuwa chumvi ya madini ya antimoni, ikitiwa katika mshipa wa damu, huua mnyoo huo. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa kwa miaka mingi. Lakini haikuwa dawa ya siku moja. Mgonjwa alipaswa kurudi tena na tena, akichomwa sindano 12 hadi 16 kabla ya kuhesabiwa kuwa amemaliza.

Tangu miaka ya 1950 Serikali ya Misri iliipeleka dawa hiyo vijijini kwa wingi, na Shirika la Afya Duniani likaunga mkono. Nani angelaumu? Wakulima walikuwa wanakojoa damu, na hapa pana Serikali inayowafuata huko huko waliko, bila malipo. Kati ya mwaka 1964 na 1982 zilitolewa sindano zaidi ya milioni 2 kila mwaka.

Walakini mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, nayo hayakutupwa baada ya kutumika. Yalitumiwa kwa mtu huyu, kisha kwa yule, kisha kwa yule mwingine. Ilipasa yachemshwe kila mara kwa muda wa kutosha. Lakini foleni ilikuwa ndefu, mabomba machache, na mganga mmoja. Wengi walichomwa kwa sindano ambazo hazikusafishwa sawasawa. Damu ya mtu mmoja ikaingia katika mishipa ya wengi.

Yafaa tuseme kweli yote. Kirusi cha homa ya ini C hakikujulikana wakati huo. Hakikugunduliwa hata mwaka 1989. Lakini tangu siku za Vita Kuu vya Pili madaktari walikwisha kujua ya kuwa sindano isiyo safi yaweza kumpeleka mtu ugonjwa wa manjano. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba hakuna aliyejua. Hatari kwa ujumla ilijulikana; kilichokosekana ni mabomba ya kutosha, muda wa kutosha, na msimamizi wa kuuliza kama maji yamechemka.

Katika miaka ya 1980 zikaja tembe za kichocho za kumezwa, prazikwanteli, na sindano za antimoni zikakoma. Kichocho kikapungua sana, na hilo ni jema lisilokanushika. Lakini yale mengine yalikuwa yamekwisha kupandwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wa umri wa miaka 15 hadi 59, karibu 15 walikuwa na alama ya ugonjwa huo katika damu yao, na karibu 10 walikuwa na kirusi chenyewe. Wachunguzi walipolinganisha umri wa wagonjwa, mikoa yao, na kadiri ya sindano zilizotolewa huko, waliona vitu vitatu hivyo vyakwenda pamoja.

UGONJWA WENYEWE

Ini ni kiungo kisicholalamika. Hapo ndipo hila ya ugonjwa huu ilipo. Mtu huambukizwa leo, asione homa wala manjano, akaendelea na kazi yake miaka 20 au 30. Katika watu 10 walioambukizwa, kwa kadiri, 3 hujiponya wenyewe katika miezi 6 ya kwanza, bila dawa na bila kujua. Kwa 7 waliobaki kirusi hukaa. Polepole ini hufanya makovu. Nao kati ya 15 na 30 katika kila 100 wenye ugonjwa uliokaa huona, katika muda wa miaka 20, ini lao limekuwa gumu na kusinyaa. Ndipo tumbo hujaa maji, mtu hutapika damu, na wengine hupata saratani ya ini. Mtu aliyeponywa kichocho akiwa kijana aweza kufa kwa ini akiwa mzee, wala asihusishe asilani mambo hayo mawili.

Ugonjwa huu hupita kwa damu. Huingia kwa sindano iliyotumiwa na mtu mwingine, kwa damu ya kuongezwa isiyopimwa, kwa wembe wa kinyozi au wa kuchanjia, kwa vifaa vya kutahiria au vya meno visivyosafishwa. Mama mjamzito aweza kumwambukiza mtoto wake, ingawa si mara nyingi. Kwa kujamiiana huambukiza mara chache. Siku hizi, katika miji mingi ya dunia na miji yetu ya pwani ikiwamo, wanaoumia zaidi ni vijana wanaojichoma heroini kwa bomba moja wakipokezana.

Wala hauambukizwi kwa kula sahani moja, kwa kunywa kikombe kimoja, kwa kupeana mikono, kwa kukumbatiana, wala kwa maziwa ya mama. Mwenye ugonjwa huu hana sababu ya kutengewa kitanda wala kijiko. Twalisisitiza jambo hili kwa sababu tumesikia ya watu wanaofanya hivyo, na hufanya hivyo kwa kudhani wanajikinga.

Hali kadhalika tusichanganye herufi. Homa ya ini A huja kwa chakula na maji machafu, nayo hupita. Homa ya ini B huja kwa damu, kwa kujamiiana na kwa mama hadi mtoto. Katika Afrika ya Mashariki ndiyo iliyoenea zaidi kuliko C, na ina chanjo. Homa ya ini C haina chanjo mpaka hivi leo. Lakini ina kitu ambacho B haina: ina dawa inayoitoa kabisa mwilini.

DAWA ZA ZAMANI NA ZA SASA

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa ni sindano za interferoni kila wiki pamoja na tembe za ribavirini. Kwa aina ya kirusi iliyoenea Misri tiba ilichukua wiki 48. Mgonjwa alitetemeka kwa homa, alikonda, alipungukiwa damu, na wengine waliingiwa na huzuni hata wakatamani kufa. Baada ya mateso hayo yote, wengi hawakupona.

Mwishoni mwa mwaka 2013 ilipitishwa Marekani dawa mpya ya kumeza iitwayo sofosbuviri. Dawa za jamii hiyo hukizuia kirusi chenyewe kisiweze kuzaliana. Humezwa mbili mbili kwa pamoja, kama vile sofosbuviri na daklatasviri, au sofosbuviri na velpatasviri, kwa kawaida mara moja kwa siku kwa wiki 12. Zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona. Maudhi yake ni madogo: kuumwa kichwa, uchovu, kichefuchefu kidogo. Sayansi iliyoifungua njia hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2020, waliopewa wakiwa Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice.

Kuna mambo manne ambayo mgonjwa hana budi kuyajua. La kwanza ni vipimo. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu huonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Hakionyeshi kama kirusi kipo leo. Lazima kifuate kipimo cha pili, cha kukitafuta kirusi chenyewe. La pili, kabla ya kuanza dawa ni lazima apimwe homa ya ini B, maana ikiwa anayo yaweza kuamka wakati C inapoondoka. La tatu, amwambie daktari dawa zote anazotumia. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huzivunja nguvu dawa hizi, na ziko dawa za moyo zenye hatari zikichanganywa nazo. La nne, wiki 12 baada ya kumaliza dawa apimwe tena; kirusi kisipoonekana, amepona. Lakini ambaye ini lake lilikwisha kuwa gumu aendelee kupimwa kila miezi 6, kwa kuwa saratani yaweza kuja baadaye. Na aliyepona aweza kuambukizwa upya akirudia sindano chafu.

BEI YA TEMBE MOJA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mfanyakazi hulielewa bila kufundishwa. Huko Marekani kampuni ya Gilead iliiuza sofosbuviri kwa dola 84,000 kwa tiba ya wiki 12, yaani dola 1,000 kwa tembe moja. Wachunguzi wa mambo ya dawa walikadiria mwaka 2014 kwamba kuitengeneza tiba hiyo yote kungeweza kugharimu kati ya dola 68 na 136. Mwaka 2015 maseneta wawili wa Marekani, mmoja wa kila chama, walitoa ripoti ndefu iliyosema kwamba katika kupanga bei hiyo kampuni ilitanguliza mapato yake, huku ikijua ya kuwa wagonjwa wengi hawataipata. Kampuni ilijibu kwamba bei ililingana na faida ya dawa. Kila mmoja na apime mwenyewe.

Misri haikukaa kulalamika tu. Ilikuwa na kamati ya taifa ya ugonjwa huo tangu mwaka 2006, ilikuwa na takwimu zake, na ilikuwa na mamilioni ya wagonjwa. Mwaka 2014 ilikubaliana na kampuni hiyo bei ya dola 900 kwa tiba nzima. Kisha viwanda vya Misri vyenyewe vikaanza kutengeneza dawa hizo, na bei ikashuka hata chini ya dola 100. Hatusemi kwamba kila nchi ina nguvu ya Misri mezani. Twasema kwamba anayekwenda sokoni akiwa na hesabu yake mkononi hauziwi sawa na yule anayekwenda na kilio peke yake.

Wala isidhaniwe kwamba njia ilinyooka. Mwezi wa Februari mwaka huo huo wa 2014, maofisa wa jeshi la Misri walitangaza mbele ya wakuu wa nchi kwamba wamevumbua mashine ya kuponya Ukimwi na homa ya ini C. Watu wengi walishangilia. Mshauri wa sayansi wa Rais, Essam Heggy, alisimama hadharani akaikanusha. Ikasemwa tiba itaanza tarehe 30 Juni. Siku hiyo ilipofika ikaahirishwa, na mashine haikumponya mtu. Wako kwetu pia wauzao mizizi na chupa kwa ahadi kama hiyo. Dawa ya kweli hujulikana kwa kipimo cha damu, si kwa makofi.

KUWATAFUTA WAGONJWA

Kufikia mwaka 2016 foleni ya waliojiandikisha kutibiwa ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia: dawa ipo, na wagonjwa hawaonekani. Walikuwa wapo, tena wengi, ila hawakujijua. Ndipo Serikali ikaanza, mwezi wa Oktoba mwaka 2018, kampeni ya kuwapima watu wazima wote wa nchi, ikipima pamoja na hayo kisukari na shinikizo la damu. Katika muda wa miezi 7 walipimwa watu zaidi ya milioni 49, katika hospitali, zahanati, misikiti, makanisa, viwanda na stesheni za gari la moshi. Aliyekutwa na alama alipelekwa kwenye kipimo cha pili, na aliyekutwa na kirusi alipewa dawa bure. Gharama ya kampeni nzima, kupima na kutibu, ilikuwa karibu dola milioni 207.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipoitazama kazi hiyo liliona ya kuwa katika kila wagonjwa 100 wa Misri, 87 walikuwa wamekwisha kutambuliwa, na katika kila 100 waliotambuliwa, 93 walikuwa wamepewa dawa. Kiwango cha ugonjwa kilikuwa kimeshuka toka watu 10 katika 100 hadi pungufu ya nusu ya mtu mmoja katika 100.

Hivyo ndivyo deni lilivyolipwa. Waliokufa kabla ya dawa kupatikana hawakurudi, nao ni wengi, wala hatupendi mtu aitumie daraja la dhahabu kuwafunika. Lakini kuna Serikali nyingi duniani zilizowadhuru watu wao kwa kutojali kisha zikanyamaza. Misri iliacha wachunguzi wahesabu, ikakubali hesabu, ikalipa.

SISI TUFANYE NINI

Katika mwaka 2022 watu wapatao milioni 50 duniani walikuwa na homa ya ini C iliyokaa, na karibu milioni 8 kati yao ni wa Afrika. Kati ya majirani zetu, Rwanda ilitangaza mpango wake wa kuitokomeza mwezi wa Desemba mwaka 2018. Kwetu ugonjwa ni mchache kuliko ulivyokuwa Misri. Lakini uchache si sababu ya kulala, maana Misri nayo ilikuwa na siku zake za uchache.

Ndugu zetu wafanyakazi wa hospitali na zahanati hawana budi kushikilia kwamba kila sindano ni ya mtu mmoja na mara moja, na kwamba sanduku la kutupia vyenye ncha kali lisikosekane. Wakikosa vifaa waseme, tena waseme kwa maandishi; na wakubwa wao wasione kusema huko kuwa ni utovu wa nidhamu. Ndugu mgonjwa naye asione haya kutaka bomba lifunguliwe mbele ya macho yake, wala asimlazimishe daktari ampe sindano ilhali tembe zatosha. Desturi ya kuona kwamba tiba bila sindano si tiba ndiyo iliyowajaza watu wengi maradhi ya watu wengine.

Matawi ya vyama vya wafanyakazi yana kazi yake pia. Kwa muda mrefu Wamisri waliotaka kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba walipimwa damu, na aliyekutwa na alama ya ugonjwa huu alifungiwa mlango. Vijana wetu waendao huko nao hupimwa vivyo hivyo. Lakini tumekwisha kueleza kwamba alama hubaki katika damu hata baada ya mtu kupona, hata kwa yule aliyejiponya bila kujua. Kumnyima mtu kazi kwa kipimo cha kwanza peke yake ni kumhukumu bila kusikiliza shahidi wa pili. Na hata mwenye kirusi hamwambukizi mwenziwe kwa kukaa naye mezani, kubeba naye mzigo au kuendesha naye mashine. Tawi likiletewa shauri la mfanyakazi aliyeachishwa kwa sababu hiyo, liulize kwanza: kipimo cha pili kiko wapi? Kisha liulize: kwa nini hakupelekwa kutibiwa wiki 12, akarudi kazini?

Kwa wanaotumia heroini twasema vivyo hivyo. Ni watoto wetu, na kirusi hakitofautishi damu ya mtu mwema na ya mtu mpotevu. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwapa dawa ya methadoni ili waache kujichoma. Huduma kama hiyo, pamoja na kupimwa ini, haipasi kuonewa choyo.

Mwisho, twawasihi wote waliopata kuongezwa damu zamani kabla ya upimaji kuenea, waliochanjwa au kuchomwa kwa vifaa vya kushirikiana, na wafanyakazi wa afya waliojidunga kwa bahati mbaya, waende wakapimwe, B na C kwa pamoja. Watoto wapewe chanjo ya B kwa wakati wake, na watu wazima wenye kazi za hatari waiulizie. Tone moja la damu kidoleni laweza kumwondolea mtu shaka ya miaka 20. Na kama ugonjwa upo, heri kuujua ini likiwa bado laini.